Kibati cha Kiatu cha Kushoto

Pale Nshamba, kiatu kikikuchoma unyayo, unaelekezwa kwa Kahangwa. Fundi ana miwani iliyofungwa kwa waya na msimamo mmoja tu kuhusu maisha: kibati ni adui. Kile kipande cha chuma kinachokaa ndani ya soli kikipata kutu kinakatika, kinatoboa mguu. Viatu vya shule vya nusu ya Muleba kashavitoa vibati bila hata kuulizwa. Ofa ya nyumba, anasema.

Sasa Edvina, binti anayekimbia mpaka bodaboda zinamwonea aibu, akamletea raba za kijani, kijani cha kuumiza macho. Mtumba wa maana, kaka yake kamtumia kutoka Mwanza. Ya kushoto ilikuwa imeachama mdomo.

"Tata," akamwita kwa Kihaya, kama baba yake, "nibandikie tu gundi. Jumamosi nakimbia Bukoba, watatu wa kwanza wanaenda kambi ya taifa."

"Soli nene hivi, hiki kiatu au godoro?"

"Ndiyo teknolojia hiyo, waitu. Inarusha!"

"Ikikurusha ziwani usinitaje."

Edvina alipoondoka, Kahangwa akaifungua soli. Ndani, kibati! Cheusi, chepesi, kimepinda kama kijiko. "Wazungu nao wamefulia, siku hizi wanaweka cha plastiki," akajisemea. Akakichomoa, akajazia ngozi laini, akashona. Na kwa jinsi kilivyomvutia, akakifanya mwiko wa kupakia gundi.

Ijumaa Edvina akazipitia raba zake. Hakuzijaribu hata, alikuwa anazitunzia mashindano.

Jumamosi asubuhi Renatha, binti wa fundi, mtu wa kuishi ndani ya simu, akamsogezea baba yake video. Jamaa mmoja kaikata raba kama ile katikati kwa msumeno.

"Baba, ona! Siri yenyewe ni hiki kipande cha kaboni. Kinafanya kazi kama springi. Ukikitoa, limebaki godoro."

Kahangwa akaangalia mkono wake. Mwiko ulikuwa bado unadondosha gundi.

Aliutia mfukoni, akaacha kibanda wazi, akadaka gari la Bukoba. Akafika wakimbiaji wameshatoka Kashozi, wanaingia mjini. Wa kwanza akapita. Wa pili. Wa tatu. Kisha Edvina, hatua kumi nyuma, anapepesuka kama meza yenye mguu mfupi.

Alimkuta kwenye majani, anakanda mguu wa kushoto, machozi yanamtoka.

"Tata, umekuja? Mguu umenisaliti. Tangu Kashozi wa kulia unaruka, wa kushoto umelala."

Kocha Ismael, mchaguzi wa kambi ya taifa, alikuwa amesimama pembeni na daftari lake. "Una jeraha la ndani, binti. Mimi sikuweki hata kwenye akiba. Mguu kama huo, bora uachane na mbio."

Akaondoka zake. Edvina akauangalia mguu wake kama mtu anavyomwangalia ndugu aliyemwibia.

Hapo fundi angeweza kunyamaza. Jamani, nani angejua? Lawama ilishapata mwenyewe, na mwenyewe ni mguu, mguu hausemi. Angempa pole, angemnunulia soda, wangerudi Nshamba. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umekishika kile kitu mpaka kinamkata kiganja.

Akakitoa, akakiweka kwenye paja la Edvina.

"Siyo mguu wako, omwana wange. Ni mimi."

"Nini hiki?"

"Kibati. Nilikitoa. Nilidhani nakusaidia."

Edvina akakigeuzageuza mkononi. Akavua raba ya kushoto, akaikunja. Ikakunjika kama chapati. Akavua ya kulia, akaikunja, ikagoma.

"Kwa hiyo mguu ni mzima?"

"Mzima kabisa."

Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alisimama, akachukua kile kibati chenye gundi iliyokauka, akaanza kukimbia peku kumfuata Ismael aliyekuwa anafungua mlango wa gari, na miguu yake yote miwili ilikuwa inapiga ardhi sawasawa.

Kahangwa akabaki kwenye majani na raba mbili za kijani, anaikunja ile ya kulia, inagoma, anaikunja tena.