Vyuo Vitatu vya Letisia

Nina steshenari pale Mbulu mjini, karibu na stendi, na matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, mimi nageuka mzazi wa watoto ambao sikuwazaa. Wanakuja na vyeti vyao ndani ya bahasha za kaki, wanataka niwaombee chuo. Wengi hawajui hata wanataka kusoma nini. Mmoja mwaka jana aliniambia nimchagulie kozi yoyote isiyo na hesabu. Nikamwambia labda ndoa, na hata hiyo sina uhakika nayo.

Letisia hakuwa wa namna hiyo. Huyu binti wa Mzee Tluway wa Nambis aliingia akijua anachokitaka: uuguzi, na chuo ni cha Mwanza. Alikuwa amemuuguza bibi yake likizo mbili mfululizo, na tangu hapo hakuwaza kazi nyingine. Tatizo halikuwa yeye. Tatizo liliingia nyuma yake, limevaa koti zito la sufu na fimbo mkononi.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, Mama Judica. Mwombee huko Mwanza anakotaka. Halafu mwombee Dodoma. Halafu na Morogoro."

"Dodoma asome nini?"

"Chochote walicho nacho."

Kama wewe si wa huku, ngoja nikueleze. Mzee wa kwetu mwenye ng'ombe kumi, ukifika kwake utawakuta wawili. Wengine amewaweka kwa marafiki. Rafiki anawachunga na kunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wanabaki kuwa wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia kijiji kimoja haumalizi mali yote, na jirani mwenye kijicho hajui ahesabu wapi. Mzee Tluway ana ng'ombe Gitting kwa rafiki yake Basili, ana wengine kwa Nikolausi, na wapo wengine ambao nadhani hata mkewe Monica hajawahi kuwaona. Kwa hiyo alipofika kwenye suala la elimu ya juu, alifanya kama alivyozoea.

Nilicheka, nikajaza fomu. Kuomba vyuo vitatu si kosa, wanafunzi wengi wanafanya hivyo. Kwenye sehemu ya simu tuliandika namba ya baba, kwa sababu Letisia alikuwa ametoka bweni juzi tu na hakuwa na simu yake.

Vyuo vyote vitatu vikamkubali. Mzee Tluway alitembea sokoni siku ile kama mtu aliyeozesha mabinti watatu kwa mkupuo. Kila aliyemsalimia aliambiwa, "Watatu wamempokea." Kesho yake akapanda basi mpaka Gitting, kumpa Basili habari ana kwa ana.

Sasa utaratibu uko hivi. Ukipokelewa na zaidi ya chuo kimoja, unachagua kimoja na kukithibitisha kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako. Safari hii mwisho ulikuwa Jumamosi jioni. Usipothibitisha, nafasi zote zinakwenda, unaanza upya kwenye awamu ya pili kugombania mabaki. Na uuguzi hauachi mabaki. Letisia alimweleza baba yake haya yote, taratibu, kwa adabu, zaidi ya mara moja.

"Watu watatu wamekubali kumpokea mtoto wangu," mzee akamjibu, "halafu mimi nianze kuwafukuza wawili? Wamenikosea nini?"

Namba ilikuwa kwenye kile kisimu chake cha kitochi, kisimu kwenye mfuko wa ndani wa koti, na mfuko una kifungo. Monica alijaribu kumsemesha, akaambiwa mambo ya kuweka mali mbalimbali hayaendeshwi kwa haraka. Letisia akanuna. Siku nzima alikuwa akiweka chakula mezani bila kusema karibu. Kwa nyumba ile, hayo ni maandamano.

Jumamosi mchana wakanijia wote watatu. Binti macho mekundu, mama kachoka, mzee yuko vilevile. Mimi nina hasira za karibu, watu wa stendi wanajua, na siku ile umeme ulikuwa umekatika asubuhi nzima.

"Mzee wangu," nikamwambia, "njia mbili zilimshinda fisi. Wewe unazo tatu."

"Fisi hakuwa na marafiki," akasema.

"Na wewe huko Mwanza una rafiki gani?"

Hilo lilinitoka kwa ukali. Mzee Tluway hakukasirika. Aliketi kwenye benchi la wateja, akaweka fimbo kati ya magoti.

"Sina," akasema.

"Dodoma?"

"Sina. Hata Morogoro sina. Ndiyo shida yenyewe." Akaegemeza mikono juu ya fimbo. "Ng'ombe sijawahi kumtoa kwa mtu nisiyemjua. Naenda kwanza kwake. Nakaa, nakula, namwangalia anavyoishi na mkewe. Sasa huyu nimtoe kwa nani? Kwa namba ya siri?"

Hasira yote ikaniisha, nikaona aibu. Wiki nzima nilikuwa nikimwita mbishi mbele ya wateja, kumbe mtu alikuwa anaogopa. Vile vyuo vitatu vilikuwa njia yake ya kutomtoa Letisia popote.

Monica ndiye aliyetusaidia. "Si uwapigie basi," akasema. "Uwasikie walivyo."

Namba ya dawati la waombaji ilikuwa kwenye tovuti ya chuo cha Mwanza. Nikapiga kwa simu yangu, nikaweka sauti ya nje. Siku ya mwisho ile, Tanzania nzima ilikuwa inapiga namba hiyohiyo. Tulikatwa, tukapigiwa muziki, tukakatwa tena. Letisia alikuwa haachi kuangalia saa ya ukutani. Mwishowe ikaingia.

"Karibu, naitwa Scolastica. Nikusaidie nini?"

"Hujambo, Scolastica," mzee akasema, ameisogelea simu kama inauma. "Wewe ni wa wapi?"

"Sengerema, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Wazazi wako wapo?"

"Mama yupo."

"Msalimie. Mwambie Tluway wa Nambis anamsalimia. Mvua je, huko kwenu?"

Letisia alilaza uso juu ya mashine ya fotokopi.

"Bado, baba. Unapata tatizo la kuthibitisha?"

"Sina tatizo. Nina binti." Akakohoa. "Anaitwa Letisia, nataka kumleta kwenu. Samaki hajui kuwapika, mtamfundisha. Kazi hakimbii. Ila akiumwa hasemi. Ukimwona amenyamaza siku mbili, muulize. Usikubali akikwambia hakuna kitu."

Letisia akainua kichwa. Kijana aliyekuja kupiga picha za pasipoti akasogea kusikiliza. Nikajua yule dada sasa atakata, maana ana watu elfu nyuma yetu.

"Sawa, baba," Scolastica akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua ile haraka ya kazini. "Akifika aje dirisha la tatu. Aniulizie mimi."

"Dirisha la tatu," mzee akarudia. "Scolastica wa Sengerema."

"Ndiyo, baba."

Akafungua kifungo cha mfuko wa ndani, akampa Letisia simu yote. Binti akaingiza namba kwenye kompyuta yangu, akaikosea, akaifuta, akaiingiza tena. Ikakubali. Monica akakaa chini kwenye katoni la karatasi, akasema asante Yesu kwa sauti ndogo.

"Sasa tuwapigie na wale wawili," mzee akasema. "Mtu hawaachi watu hivihivi."

Nikamwambia salio limekwisha. Mungu anisamehe.

Letisia alikuwa analia na kucheka pamoja. Alimshika baba yake mkono wa koti, kitu ambacho sijaona binti wa Nambis akifanya mbele za watu.

"Baba, wale ng'ombe wa Gitting unakwenda kuwaona mara ngapi?"

"Wale? Mwaka jana sikwenda. Gitting nimekwenda juzi kwa ajili yako, zizini sikufika." Akasimama, akachukua fimbo yake, akanigeukia. "Mama Judica, basi la Mwanza linaondoka saa ngapi?"

"Alfajiri, baba. Atapandia Babati."

"Na la kurudi?"

"La kurudi la nini? Letisia harudi mpaka likizo."

"Siulizii la Letisia," akasema.