Nambari Mgongoni mwa Kiti

Nyumbani kwetu Amalemba, mke wangu ndiye mwenye biashara ya kukodisha viti na hema. Mimi ni meneja wa simu. Cheo hicho alinipa yeye, kwa kuwa ni kazi inayofanyika mtu akiwa amekaa, na kukaa ndiko nilikofuzu vizuri zaidi tangu kidato cha nne.

Tulikuwa na laini nne katika simu mbili. Moja ya kupokea malipo, moja ya bando za intaneti, moja niliyoinunua kwa ajili ya ofa iliyokwisha kabla sijafika nyumbani, na ile ya zamani. Simu ikilia nilipokea tu. Sikuwahi kuangalia ni laini ipi inayolia.

Mwaka jana mke wangu alisema salio linatumaliza, nipunguze laini. Nikachunguza orodha ya simu nilizopiga. Ile ya zamani haikuwa imempigia mtu hata mmoja. Laini isiyopiga simu ni ya nini? Nikaichomoa, nikaitia kwenye bakuli la sukari lenye ufa, nikajipongeza kwa chai.

Baada ya hapo palikuwa kimya ajabu. Nikadhani watu wameacha kufa, nikamshukuru Mungu. Mke wangu hakushukuru. Viti mia tatu vilikuwa vimepandana stoo hadi darini.

"Harusi za Desemba zikitupita pia," akasema, "viti tutauza."

Jumamosi moja akaenda matanga ya kwao Mayoni, tulikopeleka viti hamsini bure kama watu wa ukoo. Alirudi kabla sijamaliza kupumzika.

"Baba watoto, uko hai?"

"Si unaniona."

"Mimi nakuona. Huko wanasema mwenye viti alikufa, ndio maana simu yake imezimwa. Wanapiganga, mteja hapatikani. Mmoja amenipa pole."

"Ukamwambia nini?"

"Nikapokea. Nilitaka kwanza nije nihakikishe."

Huku kwetu viti vya kukodi huandikwa nambari ya simu mgongoni kwa rangi, visije vikahamia kwa majirani. Mahubiri yakirefuka, aliyekaa nyuma hana kingine cha kusoma. Wateja wetu wote walitoka hapo, na nambari yenyewe ilikuwa kwenye bakuli la sukari.

Jumatatu nikaipeleka mjini, dukani kwa kampuni ya simu. Binti wa kaunta akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, laini ikikaa hivi bila salio tunampa mtu mwingine. Hii imebakisha siku nne."

Nikairudisha kwenye simu, nikaweka salio mbele yake. Sijafika hata langoni kwangu, ikalia. Mwanamume wa Ekero, ana harusi.

"Naongea na nani?"

"Mwenye viti."

"Yule yule?"

"Yule yule."

"Basi vilete mwenyewe, mzee. Tukuone."

Mke wangu alicheka hadi akaketi. Akaninyooshea shati, akaniagiza nikae safu ya mbele na nisisinzie, kwa sababu nikisinzia tutarudi pale pale.

Kwa hiyo siku ya harusi nilikuwa Ekero, nimeegemea nambari yangu mwenyewe, nikiwaza kochi langu. Mchungaji alikuwa katikati ya maombi marefu mfuko wangu ulipoanza kulia. Nyuma yangu mama mmoja, simu sikioni, akamnong'oneza mwenzake:

"Inaita."