Mwezi wa Tatu Upi?

Baba yangu aliamini vitu vitatu: Mungu, mpunga na kalenda ya misheni. Sitasema kwa mpangilio upi, maana ameshalala kaburini na mimi si mtu wa kumsengenya marehemu zaidi ya inavyobidi. Kalenda yenyewe ilitundikwa juu ya kiti chake. Kila tarehe ilikuwa na mtakatifu wake, na baadhi ya tarehe zilikuwa na kiduara pembeni: cheusi kwa mwezi mwandamo, cheupe kwa mwezi mpevu. Pale kijijini kwetu Majimoto hakuna mtu aliyekuwa na haja ya kusoma mwezi ukutani wakati wenyewe ulikuwa nje, bure, mkubwa kama sinia. Baba aliusoma ukutani kwanza, kisha akatoka uani kuhakikisha kwamba umetii.

Mwaka wa sabini na nane kalenda ile ilitaka kuninyima mume.

Mume mwenyewe alikuwa utingo wa lori lililokuja kwetu kuchukua mpunga. Kwao ni Kabungu, ukoo wa warina asali, na kila safari alibeba dumu la asali ya kuuza pembeni. Mara ya kwanza nilimwambia asali yake ina nta nyingi kuliko utamu. Safari iliyofuata akaja na nyingine, akasimama mbele yangu hadi nionje. Nilionja polepole makusudi. Dereva alipiga honi hadi akachoka, akazima injini. Kufikia mwisho wa mwaka kijiji kizima kilijua kwamba lori lile lina ubovu wa ajabu, linaharibika mbele ya nyumba yetu tu.

Januari akaja mshenga. Alikuwa muuza dagaa, Mwislamu mwenye asili ya Ujiji, mtu wa maneno matamu na kanzu iliyonuka ziwa. Alikalishwa, akapewa maji, akasifu nyumba, akasifu mpunga, akasifu hata mbwa wetu ambaye hajawahi kusifiwa na mtu. Ndipo akaleta ujumbe wa babu yake yule kijana, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo.

"Mzee wa Kabungu anasema hivi. Harusi iwe mwezi wa tatu, mwezi ukiwa mpevu, watu wacheze bila kuumiza vidole."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, tukibanana kwenye ufa. Tulimwona baba anainuka, anakwenda ukutani, anafunua hadi Machi na kutafuta kiduara cheupe kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Tarehe ishirini na nne," akasema. Kisha sauti ikabadilika. "Ijumaa Kuu."

Mshenga akatabasamu kwa kuwa hakujua la kufanya.

"Nyie mnataka binti yangu aolewe siku Bwana amekufa? Tena na ngoma juu?"

"Poleni sana, mzee," akasema mshenga kwa adabu.

Shangazi aliniziba mdomo kwa kiganja, na mimi nikamziba wake. Lakini ndani ya chumba kile hakuna aliyecheka. Baba alisimama kama mtu aliyetukaniwa mama. Kuuliza "mwezi wa tatu upi" kungekuwa kukubali kwamba duniani kuna mwezi mwingine zaidi ya ule wa ukutani, na hilo lilikuwa nje ya uwezo wake. Mshenga naye hakufafanua kitu. Baadaye nilijua kwamba yeye alihesabu kwa mifungo, yaani miezi tangu Ramadhani iishe, na kwa hesabu yake mwezi wa tatu ulikuwa umeshapita. Hata yeye aliona jambo haliingii akilini, ila mjumbe hauawi, na mjumbe mwenye busara haulizi.

"Waambie nimesikia," baba akasema.

Mshenga akaondoka akiwa ameridhika, akidhani amekubaliwa. Kumbe baba alimaanisha amesikia matusi. Jioni alitutangazia hukumu: wakija na ngoma Ijumaa Kuu, atawapokea kwa fimbo, wasipokuja, wamevunja neno lao wenyewe na habari imekwisha. Wakija nimekosa mume, wasipokuja nimekosa mume. Nilimwambia hivyo hivyo, akaniambia kuna mgane.

Mgane ni mwanamume aliyefiwa na mkewe, na wa kwetu alikuwa na duka. Sukari ilikuwa shida miaka ile, na yeye alikuwa nayo. Alikuwa pia na tochi ya betri tatu, aliyotembea nayo hata mchana. Alikuwa akija kwetu na kilo ya sukari, anakaa, ananimulika usoni, anasema, "Binti yupo." Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yake.

Kuanzia siku ile lori halikuja tena. Barabara ilikuwa tope tupu, kila mtu alijua, hata mimi nilijua. Hilo halikunizuia kumlaani utingo kila asubuhi nilipokuwa napalilia mpunga, magoti ndani ya maji, nikitaja viungo vyake kimoja kimoja.

Ijumaa Kuu ikafika. Wakatoliki wa kwetu siku hiyo waliishika kweli: hakuna kutwanga, hakuna kuimba, hakuna kumwita mtu kwa sauti. Hata kengele ya kanisa ilifungwa mdomo, wakagonga mbao badala yake. Tulirudi nyumbani kimya, tukala maharage yasiyo na mafuta. Mvua iliyonyesha mchana ilikatika, mbingu ikawa safi. Baba alikaa kibarazani na fimbo ya mwiba mapajani, anatazama njia. Kwa kalenda yake mwezi mpevu ungetoka jua likizama, na wale wapagani wa Kabungu wangetoka pamoja nao.

Jua likazama. Mwezi haukutoka.

Baba alitazama mashariki, akaingia ndani kusoma ukuta, akatoka, akatazama tena. Wakati huo huo upande wa chini wa kijiji tukasikia mdundo. Debe, kisha ngoma, kisha madebe mengi na vigelegele.

"Wamekuja!" baba akanguruma, akaruka kutoka kibarazani na fimbo yake.

Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka kumshinda. Sikujali Ijumaa Kuu, sikujali Bwana wala kaburi. Niliingia ndani nikavua nguo ya kanisani, nikavaa kanga yangu mpya, nikajipaka mafuta hadi viwiko, nikatoka mbio nyuma ya baba kwenye tope. Nilikuwa nalia kwa furaha. Alikuwa amekuja, apigwe fimbo, asipigwe, amekuja.

Hakukuwa na harusi. Kijiji kizima kilikuwa nje, kinagonga chochote kinachogongeka, nyuso zimeelekea mashariki. Mwezi ulikuwa umetoka bwana, ila umetoka ukiwa umepatwa, mwekundu wa kufifia kama chungu cha zamani, na watu walikuwa wanaupigia kelele uachiliwe. Wakatoliki waliokuwa wamenyamaza tangu asubuhi walikuwa wanagonga kuliko wote. Katikati alisimama mgane, mikono juu, anaumulika mwezi kwa tochi.

"Kidogo tu," alikuwa anawaambia watu. "Umeanza kushika."

Nilikaa chini kwenye tope na kanga yangu mpya. Nililia tena, safari hii kwa uchungu, na sikujificha. Baba alikuja akasimama karibu yangu. Alitazama kanga, akatazama mafuta viwikoni, akaelewa nilichofikiri. Mtu mmoja alimpa kifuniko cha sufuria, akakipokea, akakigonga kwa ile fimbo, polepole, akitazama pembeni. Baadaye mwezi ukarudi kuwa mweupe, na mgane akapokea pongezi.

Kuolewa na mtu yule nilijua siwezi. Jumatatu ya Pasaka nilimfuata mshenga sokoni kwenye dagaa zake, jambo ambalo msichana mwenye mchumba hafanyi, na nikamuuliza mbele za wateja: "Mzee alisema mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu upi?"

Aliniomba nimpe muda, akapanda baiskeli. Alirudi baada ya majuma mengi, Mei inaanza, amekonda kwa ubovu wa njia, akaja moja kwa moja kwa baba.

"Mzee wa Kabungu anauliza binti ana haraka gani. Anasema Kilimia ndio kwanza kinazama. Kizame, kizuke, halafu miezi iandame mitatu. Asali itakuwa imerinwa. Nyie mlitaka wapike pombe ya wanzuki kwa machozi?"

Kilimia ni kile kikundi cha nyota ndogo zilizobanana, ambacho wakulima wa nchi yetu wamekifuata tangu mababu. Mshenga akaongeza na msemo wa pwani, kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, akatikisa kichwa kama mwenye kuusemea mwenyewe. Baba alikuwa ameshageukia ukuta. Alitafuta kila ukurasa.

"Hakimo," akasema. "Siwezi kuoza binti kwa kitu ambacho hakimo."

Hapo shangazi alitoka nyuma ya mlango. Hakuwa mwanamke wa kutoka nyuma ya mlango hovyo, ila nyuma ya mlango palikuwa pamemchosha.

"Na wewe umo?" akamuuliza baba. "Mimi nilikuwepo mama alipokuzaa. Kilimia kilikuwa kimezuka alfajiri ile ile, ndiyo tarehe yako, huna nyingine. Hiyo ya kwenye cheti umejichagulia kwa mtakatifu uliyempenda. Nionyeshe ulipo kwenye hayo makaratasi."

Mshenga aliinama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Baba hakukubali siku ile. Alisema ataamini akiona. Lakini sukari ya mgane aliirudisha, na katikati ya Juni nilimkuta alfajiri uani, amejifunika blanketi, shingo imepinda, anatazama mashariki. Nilisimama karibu naye. Kilimia kilikuwa juu kidogo ya miti, hafifu, kimeoshwa.

"Vidogo hivi?" akasema, kwa hasira kidogo. Akavihesabu mara mbili, kisha akaingia ndani kulala.

Baada ya hapo nilihesabu mimi. Mwaka ule nyota ya jioni iling'aa magharibi miezi na miezi, ile ambayo watu huiita mke wa mwezi, na kila mwezi mchanga ulipoandama ulipita karibu naye. Shangazi alisema huyo ndiye mwanamke mwenye akili, anakaa barazani anangoja, mume anapita kwa haraka na yeye hashuki kumfuata. Nilimwambia mimi ningeshuka. Wa kwanza ukapita Julai, wa pili Agosti. Vimondo vikaanguka, na wadogo zangu wakasema kwa lugha ya kwetu kile ambacho nyota imefanya, sentensi ambayo haitafsiriki mbele ya padri. Wa tatu ukaandama mwanzoni mwa Septemba, nikaanza kunenepa kwa furaha bila kula.

Ulipopevuka ilikuwa Jumamosi. Hata kalenda ilishindwa kulalamika. Ndoa ilifungwa asubuhi mapema kanisani, kisha lori lile lile likatubeba hadi Kabungu, tukafika jioni weupe kwa vumbi, bibi harusi na magunia. Bwana harusi alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na shangazi. Hatukuwa tumeambizana neno tangu mwaka uliopita, zaidi ya yale tuliyorudia baada ya padri.

Kwao walinikalisha mkekani, wakanifunika kanga kichwani, wakaniambia nisiinue uso. Wanzuki ilikuwa imeiva, ngoma zikaanza. Kwa chini ya kanga niliona mwanga wa mwezi kwenye miguu ya watu, na nikajua kila mmoja anacheza kwa kidole gani. Kisha mwanga ukaanza kupungua. Nilidhani ni wingu. Miguu ikapunguza mwendo, ikasimama, na ngoma moja baada ya nyingine ikanyamaza.

"Umepatwa," mtu akasema. "Tena leo."

Mwaka mmoja, posa moja, na mwezi umekufa mara mbili. Nilisikia wanawake wa kwao wakinong'ona, nikasikia neno "mkosi". Nilisikia pia sauti ya baba kutoka kwenye benchi la wazee, "Kalenda haikuandika," na sauti ya babu wa bwana harusi pembeni yake ikijibu, "Hata Kilimia hakikusema." Walisikika kama watu wawili waliouziwa ng'ombe mmoja. Shangazi za mume wangu wakaniacha, wakaenda uwanjani kutazama. Nilibaki peke yangu gizani, najiambia sasa watanirudisha, watanipandisha juu ya lile lori kabla ya asubuhi, na nitaolewa na tochi.

Mtu akakaa kwenye mkeka. Alinuka dizeli na nta.

"Ni mimi," akasema.

"Wanasema mkosi."

"Waache waseme. Kuna kitu nataka kukuambia kabla hawajarudi. Ule mwezi wa tatu. Babu alipotamka, mshenga alitaka kuuliza upi. Nilimkanyaga mguu."

"Ulimkanyaga kwa nini?"

"Nilijua baba yako atasikia Machi."

Nikakumbuka tope, kanga, mafuta ya viwikoni, sukari, zile asubuhi zote za mpunga. "Wewe ulijua? Ukanyamaza?"

"Septemba ilikuwa mbali," akasema. "Kwaresima sikuikumbuka kabisa."

Nilimpiga ngumi ya bega kwa nguvu zangu zote, kisha mkono nikauacha pale pale.