Wali wa Maziwa wa Kupeleka Mlimani

Mama yangu haamini chakula ambacho mpishi hakukionja. Ndivyo alivyolelewa Buyenzi, kule Bujumbura, na ndivyo alivyonilea mimi: unachovya mwiko, unadondosha tone kwenye kiganja, unalamba, ndipo unajua kama utaaibika mbele za watu au la. Hata Ramadhani huweka tone kwenye ncha ya ulimi na kulitema, kwa sababu saumu yake, anasema, si ruhusa ya kuwalisha wengine chumvi kavu. Miaka yote tuliyokaa Koekelberg, hapa Ubelgiji, sijaona sufuria ikitoka jikoni kwake bila kupita ulimini mwake kwanza.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini alikuwa bibi wa Kihindi, naye mzaliwa wa Bujumbura, mjane wa muuza vitambaa. Tulimwita Ba kwa sababu mwanawe alimwita hivyo. Kwa Kigujarati ni mama. Walikutana na mama kwenye lifti. Mama alikuwa ametoka Matonge, kwenye maduka ya Waafrika, na mfuko wa sombe, yaani kisamvu, na yule bibi aliyevaa sari na koti la baridi akamuuliza, kwa Kiswahili cha sokoni kwetu kabisa, kama hiyo sombe ni mbichi au ni ya kwenye barafu. Mama nusura auangushe mfuko. Toka siku hiyo wakawa dada na dada. Kula pamoja ndiko kulikowashinda: Ba hakugusa nyama, kitunguu wala kitunguu saumu, na mama hakutia mdomoni chakula kilichowekwa mbele ya sanamu ya mungu wa Ba. Walishaambiana hayo mapema, bila kununiana, wakabaki kwenye chai.

Ba alikuwa na nadhiri. Wakati wa vita, walipokuwa wanakimbia na mtoto mchanga, gari lao lilisimamishwa kwenye kizuizi huko vilimani, na watu wenye silaha wakawa wanachagua nani apite. Ba akamwambia Mungu wake kimoyomoyo: mtoto huyu akivuka, nitakupikia wali wa maziwa kwa mkono wangu mwenyewe na kukuletea juu ya kilima, popote utakapokuwa na nyumba. Mtoto akavuka. Siku hizi ni baba mzima, ana kipara na yuko Kanada. Lakini maisha ya ukimbizi unayajua, leo karatasi, kesho mume mgonjwa, kesho kutwa nyonga, na Ubelgiji yenyewe ni bapa kama sinia. Ba alikuwa ameshajiambia kwamba nadhiri itamfia mkononi, mpaka mwanawe alipomwonyesha kwenye simu hekalu moja la Kihindu, mbali huko Ardenne, juu ya kilima katikati ya msitu.

Na muda ulikuwa umembana. Mikono ilikuwa inamtetemeka, kila mwezi zaidi ya uliopita, na mwanawe alikuwa ameshampatia nafasi kwenye nyumba ya wazee. Ba hakulia kuacha fanicha, wala mtaa, wala sisi. Alichouliza ni kama huko kuna jiko. Hakuna, wakamwambia, chakula kinaletwa kwenye trei. Basi ilikuwa kabla ya kuhama au isiwe tena. Mimi ndiye mwenye gari, na ni mhudumu wa wagonjwa hospitalini Jette, kwa hiyo siku zangu za mapumziko ni haba na hasira zangu ziko karibu. Nikasema haya, Jumamosi. Mama akasema naye anakuja, ila hekaluni haingii, atakaa bustanini.

Asubuhi ile nilipowafuata chini, wali ulikuwa karibu kuiva, mzito, wa iliki na zafarani, nyumba nzima inanukia. Ba alikuwa amepika mwenyewe, mama akimshikia sufuria isicheze. Kisha Ba akaenda kuoga na kubadili sari, akamwachia mama mwiko ili maziwa yasishike chini. Hakumwambia lingine lolote. Jambo ambalo kwao mtoto analijua kabla hajajua kufunga viatu, nani angekumbuka kulisema?

Safari ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba ilikuwa nzuri. Ba alikaa nyuma na sufuria mapajani, imefungwa kwa kitenge cha mama, na kila nilipokata kona aliniambia polepole, mtoto wangu, umebeba mzee na mgeni wake, akiipapasa sufuria. Baada ya Namur nchi ikaanza kupanda. Misonobari ikasogea barabarani pande zote mbili, ukungu umekaa kati ya vilima, chini kabisa kijito kinakimbia juu ya mawe. Mama akasema huku kunafanana na njia ya Bugarama kule kwetu, bado tu wauza kabichi. Ba akacheka hadi kifuniko cha sufuria kikagonga. Walianza kukumbushana maduka, nani alikuwa anauza nini kando ya nani, na mimi nikaendesha tu.

Hekalu lilikuwa ghala la zamani la mawe, limepakwa rangi nyeupe, bendera ya rangi ya chungwa juu ya paa na ng'ombe watatu wanatutazama nyuma ya ua. Hakuna nyumba nyingine iliyoonekana. Ulisikia maji, ndege, na kengele ndogo mara mojamoja. Mwana wa Ba alikuwa amewapigia simu, kwa hiyo walitungojea mlango wa jikoni. Akatoka kijana Mbelgiji, kichwa amenyoa, amejifunga shuka, akamwinamia Ba na kunyoosha mikono miwili kupokea sufuria. Ba alikuwa amejifunika kichwa na machozi yanamtoka bila kelele. Mama alikuwa amesogea pale mlangoni kumshika kiwiko asiteleze kwenye majani.

Akaona mwenzake anatetemeka. Akadhani ana wasiwasi na mapishi.

"Sukari iko bien, Ba, usiogope," akasema. "Nilionja mimi mwenyewe."

Ba hakuiachia sufuria. Yule kijana alikuwa ameshaishika upande wake, wakawa wameishika wote wawili. Mimi nilikuwa nimesoma uso wa Ba kwa miaka na sikuwahi kuuona hivyo. Akaniambia taratibu, mimi, si mama, kwamba chakula cha Mungu mtu haonji. Hata kukinusa kwa tamaa haifai. Wa kwanza kukionja lazima awe Yeye, kinachobaki ndicho cha watu.

Nikaingiwa na hasira, wallahi, za bure, sijui juu ya nani. Maji yalikuwa yameshamwagika na tulikuwa tumetoka mbali mno. Nikamnong'oneza kwamba huyu kijana hajasikia neno, hajui Kiswahili, mpe tu yaishe.

"Yeye hasikii Kiswahili, ni kweli," Ba akasema. "Ila mwenyewe wa chakula anasikia."

Akaivuta sufuria kifuani, akamwomba kijana radhi kwa Kifaransa, akanikabidhi mimi sufuria, akaingia hekaluni mikono mitupu, akakaa humo kidogo, akatoka. Muda huo wote mama alikuwa amesimama kwenye mvua nyepesi, ananiuliza amefanya nini, na mimi ilibidi nimweleze. Sijawahi kumwona mama yangu akiwa mdogo vile. Alisema tu kwamba alitaka kiwe kizuri.

Tulikaa kwenye benchi chini ya miti, upande wa chini wa hekalu. Ba akafungua kitenge, akachota kijiko, mkono unatetemeka mpaka wali ukadondoka kidogo kwenye sari. Akamnyooshea mama.

"Kula, dada. Haukuwekwa mbele ya Mungu wangu. Kwako ni halali."

Mama akatikisa kichwa. Ba hakushusha kijiko. Alikishika pale, muda ambao kwa mkono ule ulikuwa mrefu, na mama akatikisa kichwa tena na kujifunika uso kwa mtandio. Nilielewa ni aibu: atakulaje kitu alichokwisha kukiharibu. Mimi mwenyewe nisingekula. Ba akarudisha kijiko kwenye sufuria, akainuka, akaenda kuumwaga wali kidogo kidogo mizizini mwa msonobari, akisema ndege nao wana matumbo. Njiani kurudi alimshika mama mkono na wakaongea habari za mvua.

Ba alihamia kule kwenye trei. Mama alikwenda kumwona kila alipoweza, akimpelekea ndizi na maua, kamwe si chakula cha kupika. Hawakulizungumza tena. Nilijiambia nitampeleka tena mlimani, kwamba nitaazima jiko hata la gesi la kambi, tumpikie pale pale kando ya gari. Zamu, baridi, gari bovu. Mikono ya Ba ikafika mahali haiwezi kushika hata kikombe, na mwanzoni mwa masika haikuhitajika kushika chochote.

Mwanawe alikuja kutoka Kanada kumchoma, kama ilivyo desturi yao. Baada ya maziko, tuseme maziko, akaja kukaa karibu na mama pale ukumbini, mtu mpole mwenye Kiswahili alichookota kwa mama yake jikoni. Alimshukuru kwa kumpeleka Ba kule juu. Alisema Ba alimsimulia kila kitu kwenye simu usiku ule ule. Yule mwana alizungumza bila lawama yoyote. Nadhani aliamini mama anajua tayari.

"Alisema kule ndani Mungu alimfungulia mlango mwingine," akasema. "Mgeni naye ni Mungu. Ukila wewe, nadhiri imetimia. Kijiko kimoja kingetosha, maman. Ila hakutaka kukulazimisha, maana cha kulazimishwa hakihesabiwi."

Mama akamshika mkono, akamwambia Mungu amrehemu, akasema maneno yote yanayosemwa. Tulirudi kwa tramu. Alikaa dirishani na mkoba mapajani. Nikamuuliza kama anasikia baridi.

"Nilikuwa na njaa," akasema. "Siku ile mlimani. Toka alfajiri sikuwa nimekula kitu, nilikuwa na njaa kweli."