Wimbo wa Nyumba Isiyo na Kufuli

Saa mbili kasoro robo asubuhi, theluji ya mtaa wa Parkdale imekwisha kuwa tope. Kangethe anashuka barabarani, kibao chekundu juu, mkono wa kushoto umenyooka kama wa askari wa trafiki. Tramu inasimama. Lori la mikate linasimama. Watoto wanapita kwa makelele.

"Shikamoo, mzee," anasema Parin, mzaliwa wa Dar es Salaam, akimvuta mwanawe kwa kofia ya koti.

"Marahaba, mama."

"Mahipi wako wa Yesu hawajambo?"

"Wanazeeka."

"Mume wangu anakusanya stempu, wewe unakusanya Wakristo wenye nywele! Haya, siku njema."

Mazungumzo yameisha kwa kuwa barabara imeisha. Hivyo ndivyo Kangethe, mzee wa miaka sitini na minane aliyezaliwa Thika, anavyofanya utafiti wake: kwa upana wa barabara moja ya Toronto.

Kazi yake ni kuvusha watoto wa shule. Ujira, anasema, ni wa sukari na majani ya chai. Kodi hulipwa na mkewe Nyanchama, muuguzi, ambaye hachoki kumkumbusha. Lakini njia panda hii imempa kitu ambacho mshahara haununui.

Mwaka juzi, mzee mmoja mwenye mkongojo alisimama katikati ya barabara akaunyoosha kuelekea nyumba ya matofali iliyo pembeni. "Ile," alisema, "haikuwa na kufuli." Akafika ng'ambo, akaenda zake.

Kangethe hakulala vizuri. Kesho yake akamdaka tena, akapata kipande cha pili.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, vijana wa nywele ndefu, mahipi, walihamia katika nyumba ile. Walikuwa wamechoka na bangi, wamechoka na dini ya suti na tai, wakampenda Yesu kwa moto wa ujana. Walitembea peku, walipika dengu kwenye sufuria moja, waliimba kando ya barabara. Kitasa cha mlango waliking'oa wakakitupa, ili asiyekuwa na pa kulala asibishe hodi mara mbili. Mtaa ukaiita Nyumba Isiyo na Kufuli. Kanisa la jirani likawafungia mlango kwa sababu ya magita yao.

Leo mlango uleule wa nyumba unafunguliwa kwa namba za siri.

Kangethe akawa anauliza kila mwenye mvi anayevuka. Mmoja alimpa jina la mbwa wao. Mwingine alimpa rangi ya mlango, njano ya kiini cha yai. Hakuandika chochote pale pale. "Mkono huu una kibao, huu unazuia magari," anasema. "Kalamu niishike kwa meno?" Huyabeba maneno kichwani mpaka zamu iishe, kisha huenda maktaba kuyalinganisha na magazeti ya zamani.

Kwa nini mzee wa Kikuyu ahangaike na vijana Wazungu wa zamani za kale? Swali hilo humwasha.

"Kwani mimi sikuwa kijana?" anauliza. "Sabini na nne, Thika, tulikuwa watano. Suruali za bugaluu, nywele hivi, gita la debe. Tulimwimbia Mungu sokoni mpaka wauza viazi wanalia. Wazee wa kanisa wakasema gita ni la baa. Wakatutoa nje mbele ya mama zetu."

Wanne wamekufa. Wimbo wao mkuu anaukumbuka maneno, lakini sauti imempotea. Nyanchama anasema humsikia jikoni akiitafuta, anaanza, anakwama, anaanza tena.

"Baba Kemunto," humtania, "hiyo ni nyimbo ama ni injini imekataa?"

Ndiyo maana aliposikia kwamba Nyumba Isiyo na Kufuli ilikuwa na wimbo wake, ulioimbwa kila Ijumaa kufunga ibada, alitaka kuupata kabla haujafa kama wa kwao. Kila aliyemuuliza alimjibu: Melissa anaujua. Muulize Melissa.

Melissa ana miaka sabini na minne. Huvuka hapa kila asubuhi kwenda kununua kahawa. Ni mcheshi, msimulizi, lakini Kangethe alipomuuliza juu ya mtunzi wa wimbo, alikaza mwendo. Mtunzi huyo kila mtu alimwita Ndugu Sam.

"Ndugu Sam yuko wapi siku hizi?" Kangethe alikuwa akiuliza, kwa uchangamfu wa mtu aliyeokoka. "Bado yuko kwenye imani?"

"Asante kwa kunivusha," Melissa alijibu kila mara.

Wiki hii habari zikamfikia: Melissa anahamia Halifax kwa bintiye. Anaondoka Jumamosi. Jumanne Kangethe akamlalamikia Parin kwamba Melissa hataki kumzungumzia Ndugu Sam.

"Huyo Sam ni ndugu wa namna gani?" Parin akauliza.

"Ndugu katika Bwana. Wote walikuwa ndugu."

"Mzee, kwetu hata mwenyekiti wa mtaa ni ndugu. Nakuuliza, ni ndugu wa namna gani?"

Kibao kikamshuka mkononi. Dereva mmoja akapiga honi. Jioni ile, maktabani, akakuta tangazo la kifo katika gazeti la miaka ile: Sam, kaka wa Melissa.

"Nilikuwa namuulizia yule mama habari za kaka yake wa tumbo moja," anasema sasa, "kama mtu anayeulizia bei ya nyanya."

Leo ni Ijumaa. Watoto wamekwisha kuingia darasani Melissa anapotokea, mikono mifukoni. Kangethe anamsogelea, kibao chini.

"Pole kwa kaka yako," anamwambia. "Sikujua."

Melissa anatoa mikono mifukoni. "Katika nyumba ile," anasema, "hata mimi nilikuwa nasahau kwamba ni wangu peke yangu."

Anasimulia wakivuka. Sam aliugua mapafu, akafa kabla ya theluji kuyeyuka. Watu husema nyumba ilivunjika kwa ugomvi, haikuwa hivyo. Ijumaa iliyofuata hakuna aliyeweza kuanzisha wimbo, na waliposhindwa kuimba, mmoja mmoja alifunga mzigo.

Wamefika ng'ambo. Melissa haendi. Anageuka.

"Nirudishe," anasema.

Kangethe anainua kibao. Katikati ya barabara Melissa anaanza kuimba, sauti nyembamba, isiyotetemeka. Ubeti mmoja hadi huku, ubeti wa pili hadi kule. Tramu inagonga kengele. Kangethe haiangalii, anaimba nyuma yake, anaishika sauti kabla haijapoa.

Jioni, mezani, ameshautia Kiswahili:

Ingia, hatujafunga, uje na baridi yako,
Mkate tutaumega, kipande changu ni chako.

Nyanchama anaurudia bila kukwama, kisha anafuta macho kwa ncha ya leso.

Mpango wa Kangethe ni wa Juni. Wazee waliobaki watakutana mbele ya nyumba ile, Melissa ameahidi kurudi, na wataenda kwa miguu hadi kanisa lililowafukuza. Siku hizi ushirika wa wasema Kiswahili, anakosali Kangethe, hukodi ukumbi wa chini wa kanisa hilo, na magita yapo matatu. Kufika huko lazima wavuke hapa.

"Na wewe," Nyanchama anamuuliza, "utaimba ama utashika kibao?"

"Vyote," anajibu. "Kibao hakishikwi kwa mdomo."