Maji ya Kisima Changu na Midomo ya Gugu

Mimi niliishia darasa la nne, na hakuna kitu duniani cha kunishangaza. Nimesukuma mkokoteni, nimefyatua matofali, na leo nina kitalu cha miche hapa njia ya Kaole, watu wanakifuata kutoka Lugoba mpaka Mkange. Kisima changu nilikichimba kwa mikono hii, miezi mitatu nakata mwamba wa matumbawe kwa sururu. Tangu kitoe maji sijanunua maji hata ndoo moja. Wengine ndio wananunua kwangu.

Basi binti yangu, aliye mwaka wa mwisho chuo kikuu, akaja Ijumaa moja na hadubini ya kuazima. Jumatatu alitakiwa apeleke picha za vitundu vya jani vikiwa wazi, la sivyo anarudia mwaka. Nikamwambia achague mche wowote. Akaipita michungwa yangu yote, akachuma gugu lile la maua ya buluu ninalolilaani kila siku.

"Hili ngozi yake inachunika vizuri, Baba."

Akachuna utando mwembamba kama wa kitunguu, akaulaza kwenye kisahani chenye maji aliyokuja nayo kwenye chupa, akauweka penye mwanga. Baadaye akaniita nichungulie.

Jamani! Midomo! Jani lina midomo, mingi ajabu, kila mmoja una mashavu mawili kama maharage yanayotazamana, na yote imeachama. Nilipiga ukelele mke wangu akatoka jikoni na mwiko.

"Nani kafa?"

"Njoo uone, gugu linapumua!"

"Ndivyo vitundu vyenyewe. Leo najaribu tu," binti akasema. "Picha kesho."

Jumamosi asubuhi akiwa anaoga, nikaona kisahani kinakauka na chupa yake iko karibu kwisha. Nikaona nimsaidie. Nikajaza vyote viwili maji ya kisima changu, meupe, yanang'aa.

Siku hiyo midomo yote ikafumba. Anachuna jani jingine, imefumba. Jingine, imefumba. Alasiri akaanza kuifunga hadubini kwenye kanga, machozi yanamtoka. "Basi, narudia mwaka."

Mke wangu akanigeukia. "Jana si iliachama? Leo kimebadilika nini?"

"Ni mimi," nikasema. "Nilijaza maji. Ya kisima."

Nilidhani binti atalia zaidi. Akakurupuka kwenda jikoni, akarudi na birika, akakwangua kwa ukucha ule ukoko mweupe wa ndani.

"Chokaa! Baba, kisima chako kimejaa chokaa!"

Akanieleza huku anacheka na machozi bado yapo. Jani likipata kiu, ndani ya mashavu yale kalsiamu, madini yaleyale ya chokaa, hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, kama mtu anabipu simu, anapiga na kukata. Bipu zikitimia, mashavu yanatoa chumvi, maji yanaifuata nje, mashavu yananywea, mdomo unafumba. "Wewe umeyabipu majani yangu kutwa nzima kwamba kuna ukame!"

Bipu! Nikasimama. Hilo nalijua! Mimi na mke wangu, bipu moja nimefika, mbili weka chai, tatu nina mgeni. Kumbe gugu nalo, bila hata darasa la kwanza!

Alitaka maji yasiyo na chokaa, hata yale ya kuongezea betri za magari yatafaa. Nikapanda pikipiki mpaka kituo cha mafuta, nikabeba yote yaliyokuwepo.

"Mzee, una malori mangapi?" kijana wa pampu akauliza.

"Sina lori. Nina jani."

Jumapili midomo ikaachama, picha zikapigwa. Kisha, kwa ombi langu, akaubadilishia utando mmoja maji, akautia ya kisima. Tukapokezana kuchungulia, mashavu yananywea taratibu, mimi nashangilia kama mpira umeingia golini. Akasema na hilo ataliandika.

Sasa kila anayekuja kununua miche namsimulia. Mke wangu huongeza kipande ninachokiruka: chupa tisa za maji ya betri na mafuta ya pikipiki, mimi mwenye kisima, shilingi elfu kumi na saba na mia tano.