X Amefunga, Usimpe Chakula

Chepkoech alikuwa ameangushwa na hesabu mara mbili, na mtihani wa Jumamosi ile ndio ulikuwa nafasi yake ya mwisho. Asipopita, chuo hakimpokei kusomea uuguzi, na angebaki kuosha wazee wa watu hapo Great Barr, ughaibuni, mpaka mgongo wake mwenyewe utafute wa kuukanda.

Siku chache kabla ya mtihani alikuwa kazini kwa Mama Sejal, bibi Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Viazi viko motoni, naye ameinamia grafu kwenye meza ya jikoni.

"Mbona unapumua kama umebeba gunia?" Mama Sejal akamuuliza.

"Ni huu mstari, Mama Sejal. 2x + 3y = 12. Natakiwa nionyeshe unapokata mhimili wa x, huu uliolala, na wa y, huu uliosimama. Nikifanya x iwe sifuri, napata y ni nne. Basi naweka nukta hapa." Kidole kikatua kwenye mhimili uliolala. "Mwalimu anakosoa kila mara. Si x ndiye niliyekuwa nashughulika naye?"

Mama Sejal alicheka mpaka shali ikamdondoka.

Bibi huyo hufunga Ekadashi, mara mbili kila mwezi: nafaka hagusi, anakula matunda na viazi tu. Chepkoech alipokuwa mgeni kazini alimpelekea chapati moto siku ya mfungo, kwa wema kabisa, na sahani ikarudi jikoni kama ilivyokwenda.

"Umesahau chapati zako, wewe? X umemfungisha mwenyewe, hana kitu. Halafu unamwekea nne mbele yake! Leo chakula ni cha y. Mpelekee."

Chepkoech akafuta, akapandisha nukta kwenye mhimili uliosimama, penye nne. Kisha akamfungisha y. X akapata sita, nukta ikakaa kwenye mhimili uliolala. Akaunganisha kwa rula, akautazama ule mstari kwa muda mrefu.

Jumamosi, katika chumba cha mtihani huko Digbeth, mkono ulitaka kurudia njia yake ya zamani. Akauzuia kwanza, akajiuliza: hapa nani amefunga?

Matokeo yalipotoka aliingia akiita kutoka mlangoni. "Nimepita, Mama Sejal!"

"Nilijua." Bibi akamshika mkono, hakuuachia upesi. "Sasa ukienda chuoni, nani atanikumbukia siku zangu za kufunga?"

 Ilikuwa Ekadashi, Chepkoech akaenda kumenya viazi.